Naomba ushauri: misuli ya shingo inakaza, kazi ya cherehani
Wakuu habarini, mi fundi cherehani hapa Makoroboi Mwanza, msimu huu wa sare za shule nainama toka asubuhi mpaka giza, sasa shingo imekaza hadi bega la kulia, nikiitwa nyuma nageuka mwili mzima. Wife ananikanda na taulo la maji moto, usiku nalala poa ila nikirudi mashineni inaanza tena. Jirani wa vitenge kanionesha kulaza sikio kuelekea begani taratibu, nabana hapo kidogo, naachia, inasaidia aisee. Kuna wanaosema niende nikavunjwe shingo mpaka ilie ko, hapo nimegoma, shingo siyo kidole! Mikono haifi ganzi. Mafundi wenzangu, mnajinyoosha vipi, kukanda ni kila siku, na je nipandishe meza au nishushe kiti?