Watafiti mliochukua damu za watoto wetu Tabora: mbona makala yenu inasema jambo ambalo hamkuja kulipima?

Wakuu,

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo. Mods, naomba uzi huu uachwe hapa ulipo, usiunganishwe na zile nyuzi za "chanjo ni sumu". Mimi ni mtumishi wa afya, nachanja watoto, na dawa za wataalamu naziamini. Ninaowalalamikia ni watu wanaoichafua kazi ya utafiti kutokea ndani.

Ni tabibu wa kituo cha afya, upande wa Urambo na Kaliua. Kituo sikitaji, mradi siutaji, taasisi siitaji. Miaka kadhaa nyuma ilikuja timu ya watafiti, na walikuja kwa utaratibu: kibali cha maadili mkononi, barua ya mganga mkuu wa wilaya, wakapita kwa mtendaji, mkutano wa kijiji ukaitishwa. Wakatueleza kwamba wanataka kujua kama dawa yao itapunguza watoto kuugua malaria tena baada ya kutibiwa. Fomu ya ridhaa iliandikwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na nakala ninayo. Wazazi wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Watoto wakatobolewa vidole, wengine wakatolewa damu ya mshipani mara kwa mara huku wanalia na mama zao wamewashika.

Kumbukeni hapa ni wapi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Tabora wana vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Mzazi wa huku akiambiwa kuna watu wanatafuta namna ya kuizuia malaria isirudi, hahitaji kubembelezwa. Anakuja na mtoto mgongoni alfajiri.

Wakamaliza, wakafunga maboksi, wakaondoka. Kwenye mkutano wa kijiji walisema watarudi kutoa majibu. Hajarudi mtu. Mimi ndiye niliyebaki, na mimi ndiye ninayeulizwa: "Daktari, ile damu ya mwanangu ilisemaje?" Mama anauliza kwa adabu kabisa, kila akija kliniki, na mimi sina la kumwambia.

Mwaka huu mpwa wangu aliyeko chuo akaniletea makala yenyewe. Huko ilikochapishwa wanataka ulipie kwa dola ndipo usome, yaani mwenye kituo ambako kazi ilifanyika anunue matokeo ya wagonjwa wake mwenyewe. Nimeisoma yote, jedwali kwa jedwali.

Kichwa cha makala hakizungumzii kuugua malaria tena. Kinazungumzia wingi wa damu. Muhtasari wake unasema dawa imeonesha faida kwa sababu himoglobini za watoto, yaani kipimo cha wingi wa damu, zilipanda. Malaria kurudi, jambo ambalo ndilo lililowaleta, limewekwa kwenye mstari mmoja wa jedwali huko ndani, na ukiusoma unakuta kundi la watoto waliopewa dawa hiyo na kundi la kulinganisha hayakutofautiana. Hakuna aya inayoeleza. Hakuna sentensi inayosema "tulipanga kupima hiki, hakikufanikiwa, kwa hiyo tunawaonesha kile". Msomaji wa Dar au wa Ulaya ataona wingi wa damu na kuamini ndio uliokuwa lengo tangu siku ya kwanza.

Mkulima wa huku anaelewa haraka ubaya wa jambo hili. Umeingia mkataba na chama cha msingi, umechukua mbolea kwa mkopo, umeahidi kilo za tumbaku. Siku ya soko unaleta mahindi, na unaandika kwenye daftari kwamba mahindi ndiyo uliyoahidi. Nani atakuvumilia?

Sasa sikilizeni sehemu iliyoniumiza zaidi. Kuna sentensi moja, moja tu, inayosema washiriki ambao ufuatiliaji wao haukukamilika hawakujumuishwa kwenye uchambuzi. Wakapita.

Hao watu nawajua. Msimu wa kilimo ukianza, familia nyingi zinaondoka kijijini kwenda kulima ndani kabisa porini. Wanalala kwenye vibanda vya nyasi, chandarua hakina pa kufungwa, maji yametuama karibu, na zahanati ni mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Hao ndio wanaoumwa na mbu kuliko wote. Hao ndio wanaorudi kwangu na mtoto mweupe viganja, anahema kwa shida. Wapo pia ambao mtoto alitapika ile dawa kila akipewa, mama akaamua kuacha. Aliniambia mwenyewe na mdadisi akaandika "hayupo". Kwa hiyo waliofutwa ni watoto waliokuwa kwenye hatari kubwa na watoto ambao dawa iliwasumbua. Waliobaki kwenye hesabu ni wale wanaokaa karibu na barabara na walioivumilia dawa. Ukiwaondoa walioumia, waliobaki lazima waonekane wazima. Na kama kuna mtoto aliyefia porini msimu ule, kwenye makala hayupo.

Msiniambie kwamba haya ni mambo magumu ya wataalamu. Utaratibu upo na unajulikana dunia nzima: kila aliyepangiwa kundi ahesabiwe ndani ya kundi lake hata kama aliacha dawa, kisha kuwe na mchoro unaoonesha wangapi waliingia, wangapi walitoka, katika hatua gani na kwa sababu gani. Mwongozo huo unaitwa CONSORT, ulitoka 1996, umerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2025. Makala hii haina huo mchoro. Wahakiki wa jarida waliipitishaje?

Kwa wale watakaosema nimekuta yai moja viza nikalaani banda zima: someni. Timu ya daktari na mtafiti Ben Goldacre kule Oxford ilichukua majaribio 67 yaliyochapishwa kwenye majarida matano makubwa kuliko yote ya tiba duniani, ikalinganisha kilichoahidiwa mwanzoni na kilichoandikwa mwishoni. Majaribio 9 tu ndiyo yalikuwa sawasawa. Vipimo 354 vilivyoahidiwa havikuonekana kabisa, na vingine 357 viliongezwa kimyakimya. Hayo ni majarida ambayo daktari bingwa akiyataja wote tunanyamaza.

Kuna hili pia, ambalo kila tabibu angepaswa kulijua. Watafiti Kaplan na Irvin mwaka 2015 walipitia majaribio makubwa ya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na serikali ya Marekani. Yale yaliyochapishwa kabla ya 2000, 17 kati ya 30 yalionesha dawa inasaidia. Baada ya hapo, watafiti walipolazimika kuandika mapema kwenye sajili ya wazi watapima nini, yaliyoonesha faida ni 2 kati ya 25. Mimi siamini kwamba dawa ziliishiwa nguvu ghafla mwaka ule. Naamini ile nafasi ya kuchagua jibu baada ya kuona majibu yote ndiyo iliyobanwa.

Halafu kuna asilimia. Redio inatangaza "inapunguza kwa asilimia ishirini na kitu", group la WhatsApp linasambaza, hakuna anayeuliza asilimia ya nini. Chukueni mfano wa utafiti ninaouheshimu, ule wa sindano ya artesunate dhidi ya kwinini kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, uliochapishwa 2010. Watoto 5,425, nchi tisa, na yetu ikiwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Unaweza kusema vifo vimepungua kwa asilimia 22.5 na ni kweli. Unaweza kusema kati ya watoto 1,000, 24 zaidi wamepona, na ni kweli vilevile. Wale waliandika namba zote, kila mtu akajipimia, na ndiyo maana leo nikimpokea mtoto amezimia kwa malaria nachoma artesunate bila wasiwasi. Waliokuja kijijini kwetu wametoa asilimia moja tamu, wameficha namba za chini yake.

Na mtu asiseme matokeo mabaya hayachapishiki. Utafiti wa FEAST, 2011, Uganda, Kenya, na kwetu hospitali ya Teule pale Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu. Vitabu vyote vilisema wapewe maji mengi ya mshipani haraka haraka, na watafiti wenyewe walitegemea yatasaidia. Ikawa kinyume. Waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 105 katika kila 1,000 ndani ya saa 48, wasiopewa walikufa 73. (Watoto wa kuharisha sana hawakuwemo, msije mkawanyima maji.) Utafiti ulisimamishwa, ukaandikwa kama ulivyo, ukachapishwa. Fikirieni wangesema "hebu tuangalie kipimo kingine kilichopanda". Wangekipata, maana ukipima vitu ishirini hukosi kimoja cha kukufurahisha. Na sisi huku tungeendelea kufungua dripu mpaka mwisho na kuzika watoto, tukiamini tunafuata sayansi.

Uongo wa wazi nao upo. Mei 2020 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala iliyotegemea takwimu za kampuni ya Surgisphere kuhusu hydroxychloroquine na korona, wagonjwa 96,000, hospitali 671, mabara sita na Afrika ikiwemo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wiki mbili hazikutimia makala ikafutwa, maana kampuni ilikataa wakaguzi huru wasizione takwimu zenyewe. Jarida hilohilo mwaka 1998 lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield, watoto 12 tu, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilifutwa 2010, baada ya miaka 12. Mpaka leo napokea mama ana sauti ya WhatsApp inayorudia maneno yaleyale, na mimi natumia saa nzima ya kliniki kuuzima moto uliowashwa London kabla mama huyo hajaanza darasa la kwanza.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "hayo ni makosa madogo ya uandishi". Mwanakijiji akigundua mara moja kwamba alidanganywa, hatofautishi mtafiti na mchanjaji. Wote ni watu wa gari jeupe. Timu nyingine ikija kesho na utafiti safi, milango itafungwa, na nitakayelaumiwa kwa kutohamasisha jamii ni mimi.

Vibali vyetu vya kitaifa vinataka taarifa za maendeleo kila miezi sita ziende wizarani, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Sawa. Lakini mama aliyetoa damu ya mwanawe hayumo kwenye orodha ile. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla ya utafiti, na linasema matokeo mabaya na yasiyo na jibu yachapishwe sawa na mazuri. Mnaposaini kwamba mtalifuata, mnasoma kurasa zipi?

Ninachotaka kwa timu ile, na najua wapo humu, maana mmoja wao huwa anachangia kwenye nyuzi za afya: chapisheni marekebisho. Semeni lengo lenu la kwanza lilikuwa malaria kurudi na kwamba dawa haikuonesha tofauti. Waandikeni watoto mliowaacha, wangapi na kwa nini. Halafu rudini kijijini, mkutano mmoja tu, karatasi moja ya Kiswahili, msimame mbele ya wazazi mliowatoa mashambani. Kama dawa haikufanya kazi, waambieni haikufanya kazi. Watu wa huku wamezoea kusikia habari mbaya kutoka kwa mtu anayewaangalia usoni.

Na ninyi wakuu mliowahi kushiriki utafiti wowote, iwe Tabora, Kigoma, Katavi au popote: tafuteni fomu yenu ya ridhaa, juu yake kuna jina la utafiti na namba ya kibali. Majaribio mengi ya Afrika yamo kwenye sajili ya Pan African Clinical Trials Registry, mengine ClinicalTrials.gov, zote ni bure kufungua. Angalieni waliandika watapima nini, na tarehe waliyoandika, kama ni kabla au baada ya kuanza kazi. Kisha tafuteni makala. Ukikuta vinatofautiana, weka hapa bila majina ya wagonjwa. Wenye ujuzi wa takwimu naomba mtusaidie kusoma majedwali. Ya kwangu nitaiweka nikishafunika sehemu zinazotambulisha kijiji.