Louis XIV na kasri la Versailles: akili ya utawala au ufujaji?

Mzee wa Kahawa: Wakuu, mwaka 1682 mfalme Louis XIV alihamishia baraza lake Versailles, akawakusanya makabaila wa Ufaransa wamzunguke. Wengine wanaita ufujaji, mimi naita akili. Utotoni, wakati wa ghasia za Fronde, yaani maasi dhidi ya utawala ambayo makabaila nao walishiriki, alitoroshwa Paris usiku wa manane. Mtu kama huyo awaache wakubwa wajikalie mikoani wakipanga mambo?

Binti Pwani: Akili gani, na watu walikufa njaa 1693 na 1694? Tena mwenyewe hata kuoga haogi. Kasri linang'aa, mwenye kasri ananuka.

Kalamu Nyekundu: Dada, kwenye kuoga umeteleza. Versailles kulikuwa na vyumba vya kuogea, vya marumaru kabisa.

Binti Pwani: Kuwa na bafu na kuoga ni mambo mawili. Shemeji yangu ana baiskeli ya mazoezi, anaanikia taulo.

Mchokozi: 😂 Mimi kinachoniua ni mshumaa. Mfalme akienda kulala, anateuliwa mtu wa kushika kinara wakati anavuliwa nguo. Basi, kazi imeisha! Kabaila mzima, ana ngome na mashamba, kesho anatembea kifua mbele kwa sababu jana alishika mshumaa. Asubuhi napo wa kumpa shati naye ana cheo chake.

Mzee wa Kahawa: Si ndiyo hoja yangu! Anayegombea mshumaa atapata wapi muda wa kuasi?

Kalamu Nyekundu: Machawa tu hao.

Binti Pwani: Kumbe Versailles chawa walikuwepo wa aina zote mbili.

Msomi Huru: Hilo neno mnalitumia ovyo. Walikuwa wanatafuta pensheni na vyeo kwa ajili ya watoto wao. Nani hapa hajawahi kumsalimia bosi mara mbili?

Mchokozi: Imekugusa, mkuu? Pole.

Msomi Huru: Jibu hoja, acha utoto.

Mzee wa Kahawa: Turudi Versailles jamani. Fouquet, msimamizi wa fedha, alimwandalia mfalme karamu kubwa kwenye kasri lake jipya la Vaux-le-Vicomte, Agosti 1661. Mwezi uliofuata akakamatwa kwa ubadhirifu, akafia kifungoni. Mfalme hakuwa mchezo.

Kalamu Nyekundu: Malizia basi: Le Vau, Le Brun na Le Nôtre, waliomjengea na kumpambia Fouquet, ndio hao hao mfalme akawapeleka Versailles. Fouquet akijenga ni mwizi, Louis akijenga ni akili?

Mzee wa Kahawa: Yule alikuwa mfalme.

Binti Pwani: Haya, mshikie mshumaa.