Naomba ushauri: wafanyakazi wanasubiri bosi atoe jibu

Habari za kazi, wadau. Nasimamia watu 6 wa huduma kwa wateja. Kila baada ya wiki 2 nakaa na mmoja mmoja kwa dakika 30, kwa mtindo wa GROW, yaani kumwongoza mtu kwa maswali hadi apate jibu lake mwenyewe, kwa hatua nne: lengo, hali halisi, njia zinazowezekana, kisha atafanya nini na lini.

Hatua mbili za kwanza zinakwenda vizuri. Mkwamo uko kwenye hatua ya tatu, ya njia zinazowezekana. Nikiuliza "unaweza kufanya nini?", wengi hujibu "wewe bosi ndiye unayejua". Nikitoa jibu langu wanalikubali papo hapo, halafu kikao kijacho hakuna kilichofanyika, maana halikuwa lao.

Nimejaribu kunyamaza sekunde 10 (wanaona ni mtihani), kuacha maswali ya "kwa nini" kwa sababu yanawafanya wajitetee, na kuwapa maswali siku moja kabla. Hili la mwisho limesaidia wawili tu, wale wazoefu.

Je, kwa mgeni kazini ni sahihi kumfundisha moja kwa moja kwanza, maswali yasubiri hadi aimudu kazi? Na mtu aliyezoea kuamriwa mnamuuliza swali gani hasa afunguke, bila kumtilia jibu mdomoni?

Natanguliza shukrani.