Mpangaji anahama Mtopanga, kakangu asema dipoziti isirudi. Naomba ushauri

BintiMtopanga
Assalaam alaykum jamani. Marehemu babetu alituachia ploti ya nyumba za kupangisha Mtopanga hapa Mombasa, na mimi ndiye ninayezisimamia. Mpangaji mmoja, baba wa watoto wawili, ametoa notisi ya mwezi na anahamia Mikindani. Yuko hapo tangu 2019 na kodi halazi. Alipoingia alilipa dipoziti ya shilingi 10,000.

Kakangu ameshikilia kwamba pesa hizo zisirudi, zote ziingie kwenye rangi. Basi nimeingia ndani nikaangalia kwa macho yangu. Ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu umevimba, rangi yabambuka, na chini yake kuna unga mweupe. Mfereji wa jikoni umeliwa na kutu. Kigae kimoja cha sebuleni kimepasuka. Kitasa cha mlango wa chumbani kimeng'olewa, pamebaki tundu. Mkataba wasema tu kwamba dipoziti itarudishwa "baada ya kutoa gharama za matengenezo". Hakuna zaidi.

Huyu bwana ameniambia kule aendako hapewi ufunguo mpaka alipe dipoziti, na anategemea hii. Sitaki kula haki ya mtu, wala sitaki ndugu zangu waseme nagawa mali ya marehemu. Nikate nini, niache nini?

FundiKisauni
Waalaykumu salaam dada. Huo unga mweupe ni chumvi. Hapa kwetu imo kwenye mawe, imo kwenye mchanga, imo kwenye maji ya kisima. Bafu likitia unyevu, ukuta waivuta mpaka juu ya plasta, na ikikauka yainua rangi. Angekaa yeyote humo ingetoka vilevile. Mkipaka rangi mpya bila kukwangua na kuuacha ukuta ukauke sawasawa, itavimba tena, halafu mpangaji ajaye naye mumkate? Mfereji nao umeliwa na maji hayohayo. Hayo mawili ni ya mwenye nyumba.

Kitasa ni chake, maana kitasa hakijing'oi. Kigae usimhukumu bado. Chukua sarafu ukigonge katikati na pembeni. Kikilia wazi, chini hakina saruji, na aliyekitandaza ndiye aliyekiharibu. Kikilia kizito na kina alama ya pigo, basi kuna kitu kiliangushwa hapo.

MpangajiMagongo
Dada, usimsikize kakako katika hili. Nyumba niliyokaa mwanzo nilikatwa dipoziti yote kwa jina la rangi, na aliyeingia baada yangu akazikuta kuta zilezile. Kiasi si kitu. Kilichoniuma ni kwamba sikuonyeshwa hata risiti moja. Mtu aliyelipa kodi miaka yote hiyo, rangi ameshailipia.

MamaPlotiLikoni
Mwanangu, wapangaji nao wana yao, usikae kimya ukidhani wote ni malaika. Usikubali ile ya "mwezi wa mwisho nikatie kwenye dipoziti", kwa sababu ukiingia ukakuta sinki limevunjwa huna tena cha kushika. Soma mita ya maji yeye akiwepo. Ingieni pamoja nyumba ikishakuwa tupu, si wakati makochi yamefunika ukuta. Kisha akupe funguo zote, hata zile alizochongesha. Hapo ndipo mzungumze pesa. Mimi hungoja wiki nzima kabla ya kurudisha.

MwanasheriaTudor
Naongeza upande wa sheria. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296, inashika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba kama ya dada, ambayo kwa dipoziti hiyo yaonekana kupita kiwango hicho, kinachotawala kwanza ni mkataba wenu. Mkataba umesema gharama za matengenezo, kwa hivyo anayekata ndiye wa kuonyesha: nini kimeharibika, nani ameharibu, fundi amelipwa ngapi.

Kakako ajue pia kwamba mpangaji siku hizi hahitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na pesa ya mtu uliyoishika ni miongoni mwa madai hayo. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Mombasa mahakama hiyo ipo. Na kamwe msizuie vyombo vyake kwa sababu ya rangi. Kukamata mali ni kwa deni la kodi, tena kupitia dalali wa mahakama mwenye leseni.

Mama Likoni, kwa heshima, wiki nzima ni ndefu kwa mtu mwenye watoto asiye na ufunguo wa aendako. Ikiwa nyumba imekaguliwa na mita imesomwa, mnangoja nini?

MamaPlotiLikoni
Kweli, kama yote yamekwisha apewe. Mimi hungoja bili ya maji.

BintiMtopanga
Shukran nyote. Kigae nimekigonga, chalia wazi kote, na cha pembeni yake pia. Kwa hivyo kimebaki kitasa. Fundi amesema kitasa na kazi yake ni 1,500. Mpangaji mwenyewe amekubali, asema mtoto alijifungia ndani wakauvunja mlango. Kakangu bado amenuna, ila nimempeleka akauone ukuta ule na upande wa bafuni, na ameacha kutaja rangi. Sasa nampaje hizo pesa isije ikawa maneno baadaye?

MwanasheriaTudor
Andika karatasi moja, nakala mbili: dipoziti 10,000, kitasa 1,500, maji kiasi kilichosomwa kwenye mita, baki ngapi. Nyote mtie sahihi, na risiti ya kitasa uibane hapo. Baki mtumie kwa M-Pesa palepale anapokukabidhi funguo, ili awahi kulipa Mikindani siku hiyohiyo. Kakako atie sahihi kama shahidi.

FundiKisauni
Na kabla hujamwingiza mwingine, nyufa za bomba la bafu zizibwe kwanza, ndipo ukuta ukwanguliwe. Mpangaji mpya piga naye picha za kila chumba siku anayoingia, mfereji na vitasa pia.