Tupeane uzoefu: kuwasha, kuendesha na kulaza injini za mvuke zilizohifadhiwa

Mwenye uzi

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wapenzi wa garimoshi lenyewe, la maji na moto. Tangu watu wa kujitolea walipoiokoa reli ya Talyllyn kule Wales mwaka 1951, reli za kumbukumbu zimeenea sehemu nyingi za dunia, na injini zilizokuwa zikingoja kukatwakatwa zinavuta abiria hadi leo. Kwenye uwanja mmoja tu wa vyuma chakavu, ule wa Barry, huko huko Wales, ziliokolewa injini 213. Mapenzi ndiyo yaliyozitoa pale, ila zinatembea kwa sababu kuna watu wanaoijua kazi. Basi tupeane ujuzi wa mikono: hatua, vipimo, kinachoharibika na kwa nini. Hadithi za safari tuziweke kando.

Naanza na kuwasha boila iliyolala baridi.

Adui wa kwanza ni haraka. Injini nyingi za Uingereza zina tanuri la shaba nyekundu ndani ya ganda la chuma, na shaba hutanuka kuliko chuma. Moto ukiwa mkali mapema, sehemu ya juu ya boila inachemka huku maji yaliyo chini, usawa wa chanja (vyuma vinavyobeba moto) na chini yake, bado ni baridi. Weka kiganja chini ya tumbo la boila saa mbili baada ya kuwasha: pale juu hupagusi, chini ni kama hakujawashwa kitu. Tofauti hiyo ndiyo inayovuta ncha za mirija (mabomba yanayopitisha gesi za moto katikati ya maji) hadi zianze kuvuja kwenye bamba lake, na ndiyo inayovunja stei, zile nondo fupi zinazoshika ukuta wa tanuri na ganda la nje. Injini kubwa iliyopoa kabisa ipewe saa 8 au zaidi. Walio makini huwasha kijimoto kidogo siku moja kabla, cha kupasha tu, bila kutafuta presha.

Kabla ya kiberiti: maji yawe angalau nusu ya kioo, kile kipimo kinachoonyesha kiwango cha maji ya boila. Fungua chumba cha moshi, zoa majivu ya safari iliyopita, mulika ncha za mirija utafute alama nyeupe za maji yaliyokauka. Ingia tanurini na tochi: matofali ya tao yako mahali pake, vyuma vya chanja havijapinda wala kuungua, plagi za usalama za dari la tanuri ni kavu. Regyuleta (vali inayopeleka mvuke silindani) imefungwa, mkono wa kubadili mwelekeo uko katikati, breki ya mkono imekazwa, koki za silinda ziko wazi, magurudumu yamewekewa kabari. Hapo ndipo unatandaza makaa ya mawe, tabaka jembamba la mapande makubwa, halafu kuni na matambara yenye mafuta juu yake. Bila mvuke huna bloa (mvuke unaopulizwa dohanini ili kuuvuta moto), kwa hiyo dohani inavuta yenyewe. Iache ivute.

Mlinzi wa kioo

Asante mkuu kwa kufungua. Mimi naongeza kuhusu kioo cha maji, maana hapo ndipo uhai wa watu ulipo.

Kioo kina koki tatu: ya juu ya mvuke, ya chini ya maji, na ya kumwagia. Wengi wanafungua ya kumwagia tu, wanaona maji yanaruka, wanaridhika. Hilo halitoshi, kwa sababu njia moja ikiwa wazi inaweza kuficha nyingine iliyoziba. Funga ya juu na ya chini, fungua ya kumwagia: kioo kibaki kitupu. Hiyo inakuambia koki zinafunga sawasawa, na siku kioo kikipasuka utaweza kukizima. Sasa fungua ya maji peke yake: yatoke kwa nguvu. Ifunge, fungua ya mvuke peke yake: utoke kwa nguvu. Mwishoni funga ya kumwagia, rudisha zote mbili. Maji yapande mara moja na kucheza juu chini. Yakipanda kwa kujivuta, kuna gamba la chokaa linaziba njia, na kioo hicho kinakudanganya.

Juni 1995 kule Pennsylvania, Marekani, dari la tanuri la injini ya watalii lilishindwa njiani na wafanyakazi watatu waliokuwa ndani wakaungua. Uchunguzi ulikuta njia za kioo zimeziba kwa gamba. Maji yalikuwa yameshuka chini ya dari huku kioo kikionyesha mengine. Boila haikulipuka yote kwa sababu ya jinsi stei zake zilivyopangwa.

Kwa nini dari linashindwa? Maji yakiwa juu yake, chuma hakizidi sana joto la maji. Kwenye presha ya baa 15 hivi, hayo ni kama nyuzi 200 za Selsiasi. Maji yakiondoka, moto wa chini hauna wa kuupoza, na bamba linalainika. Plagi za usalama zina kiini cha risasi kinachoyeyuka nyuzi 327, ndipo mvuke unamwagika tanurini kuwatahadharisha. Plagi hazizimi moto mkubwa. Kazi yake ni kupiga kelele tu.

Kuna la mlima pia. Injini ikipanda na dohani mbele, maji yanakimbilia nyuma na kioo kinasoma juu kuliko hali halisi. Ukivuka kilele yanarudi mbele, na kioo kilichokuwa robo tatu kinaweza kuonyesha kidogo mno ndani ya dakika moja. Fayamani (mlisha moto) mzuri anajaza kabla ya kilele. Maji yakitoweka chini ya nati ya chini ya kioo na huna uhakika yako wapi, usiingize maji baridi juu ya dari linaloweza kuwa limeshaiva. Toa moto.

Koleo

Kuhusu kulisha moto: kidogo kidogo, mara kwa mara. Makoleo manne hadi sita, funga mlango, angalia dohani. Moshi wa kijivu chepesi ndio unaotakiwa. Mweusi mzito ni makaa yanayopotea hewani kwa kukosa oksijeni. Acha mlango wazi kidogo ili hewa ya juu imalizie gesi. Dohani ikiwa safi kabisa huku presha inashuka, huenda kuna tundu kwenye moto na hewa baridi inapita moja kwa moja hadi kwenye mirija. Litafute: ni pale panapong'aa kwa weupe na kurukaruka.

Jambo moja lisisahauliwe kamwe. Injini ikivuta, mvuke unaotoka silindani ndio unaounyonya moto kuelekea dohani. Dereva akifunga regyuleta, mnyonyo huo unakufa papo hapo, na ndimi za moto zinaweza kurudi mlangoni na kujaa kibandani. Kwa hiyo bloa ifunguliwe KABLA ya regyuleta kufungwa, na kabla ya kuingia handakini bloa iwe wazi na mlango umefungwa. Dereva na fayamani waambiane kwa sauti.

Makaa yenye majivu mengi yanayoyeyuka huganda kuwa bamba kama kioo juu ya chanja na kuziba hewa. Kumwaga kokoto za chokaa au vipande vya tofali la moto kwenye chanja kabla ya kuwasha husaidia lisishike vyuma.

Msomaji wa kando

Wakuu nauliza. Injekta (kile kifaa kinachosukuma maji kuingia boilani kwa nguvu ya mvuke) ikiwashwa inatema maji na mvuke kwenye bomba la nje, haishiki. Tatizo huwa nini?

Mlinzi wa kioo

Mkuu, anza na mpangilio. Maji kwanza, mvuke baadaye, halafu punguza maji taratibu hadi bomba la nje likauke na injekta itoe sauti nyembamba ya kuimba. Kuzima ni kinyume chake: mvuke kwanza.

Kama mpangilio ni sahihi na bado inatema, gusa mwili wa injekta. Ukiwa wa moto, kilichopo ni vali ya kuzuia kurudi: haijakaa vizuri na maji ya boila yanarudi nyuma. Igongegonge polepole kwa kipande cha mti, mwagia injekta maji baridi, jaribu tena. Injekta inafanya kazi kwa sababu maji baridi yanauua mvuke ndani ya koni zake na kuugeuza kuwa maji kwa ghafla. Maji ya tangi yakiwa ya moto, mvuke haufi na hakuna kusukuma. Sababu nyingine ni chujio la tangi kuziba, bomba la kuvutia kuingiza hewa kwenye kiungio, au koni kuota gamba. Koni hulowekwa kwenye asidi dhaifu. Usizikwangue kwa chuma, maana mkwaruzo mmoja tu unaharibu mtiririko.

Utambi

Naona mafuta hayajaguswa, na hapo ndipo injini inapoonyesha kama inapendwa.

Mafuta ni aina mbili na hazibadilishani. Ya silinda ni mazito na meusi, maana yanaingia kwenye mvuke uliopashwa zaidi, hata nyuzi 350. Ya beringi ni mepesi. Mengi ya beringi hupelekwa kwa utambi wa sufu: nyuzi zimefungwa kwenye waya, mkia umelala ndani ya mafuta, kichwa kimeingia kwenye tundu linaloshuka hadi kwenye ekseli. Mafuta yanapanda kwenye sufu na kudondoka tone kwa tone, hata injini ikiwa imesimama. Nyuzi zikiwa nyingi na kubana mno, hakuna kinachopita. Zikiwa chache, kikombe kinaisha kabla ya safari kwisha. Unaongeza au kupunguza uzi mmoja mmoja. Utambi ulioingiwa na maji hauvuti mafuta tena, ubadilishe. Na kila kikombe kina maji chini yake, yafyonze kwa bomba dogo la kufyonzea kabla ya kuongeza mafuta.

Vizibo vya vikombe vya mafuta vya rodi (nondo zinazozungusha magurudumu) vina kijiti cha henzirani katikati. Si pambo. Henzirani ina vitundu vyembamba vinavyoingiza hewa mafuta yanaposhuka. Ukitia kizibo kisichopumua, mafuta yanagoma kutoka, na beringi ya metali nyeupe inayeyuka huku kikombe kimejaa.

Kila kituo, shuka na uguse kwa upande wa nyuma wa mkono: ncha za rodi, boksi za ekseli. Ya uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uutoe mkono, injini isiendelee hadi ijulikane sababu.

Koleo

Nyongeza kwa madereva: injini ikisimama muda, mvuke unageuka maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta, kinachoachia ni kifuniko cha silinda au rodi. Ondoka na koki za silinda wazi hadi zitoe mvuke mkavu. Boila iliyojazwa kupita kiasi, au yenye maji machafu yanayotoa povu, nayo inaweza kutapika maji hadi silindani. Utayaona yakinyesha meusi kutoka dohani. Funga regyuleta polepole, fungua koki.

Mchoma mafuta

Kwa zile zinazochoma mafuta mazito badala ya makaa, kama Garratt za daraja la 59 za Afrika Mashariki, injini zenye boila moja katikati ya seti mbili za magurudumu (Beyer, Peacock ya Manchester ilijenga 34, zenye tani 252 hivi kila moja kwenye reli ya upana wa mita 1; mojawapo, namba 5918, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi): mafuta hupulizwa kwa mvuke yawe ukungu, kwa hiyo injini iliyopoa inahitaji mvuke au hewa ya presha kutoka nje, au kuanza na kuni. Mwali ukizimika, funga mafuta, acha hewa ipite kwanza, kisha washa kwa mwenge. Kutegemea matofali ya moto yawashe ndiko kunakoleta mlipuko wa gesi tanurini. Masizi ya mirija huondolewa kwa kurusha koleo la mchanga tanurini wakati injini inavuta kwa nguvu.

Fundi wa boila

Kuosha boila. Muda unategemea ubaya wa maji, ila kanuni haibadiliki: iache ipoe yenyewe, siku moja au mbili, ikiwa na maji yake. Ukiyamwaga ikiwa ya moto, tope linaokwa juu ya mabamba na kuwa gamba. Toa plagi zote, kila moja na namba yake, kwa sababu kila plagi imezoeana na tundu lake. Anza na maji ya presha juu ya dari, shuka kwenye pipa la boila, malizia pembe za chini za tanuri ambako tope hukaa. Ingiza fimbo, kwangua, mulika, osha tena hadi maji yatoke meupe. Plagi ianze kwa vidole; ikigoma, itoe uanze upya. Ukiilazimisha kwa spana umeharibu nyuzi za tundu, na tundu ni la boila.

Stei zigongwe kwa nyundo ndogo. Nzima inalia, iliyovunjika inatoa sauti ya kufa. Usikubali stei mbili za jirani zilizovunjika zipite eti ni mbili tu: mzigo wake umehamia kwa majirani.

Maji ya boila yatibiwe yawe na pH kama 11 hivi, na tope la chini litolewe kidogo kila siku ya kazi. Kwa ukaguzi mkubwa, Marekani kikomo ni siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia; Uingereza mazoea ni miaka 10. Mirija yote hutolewa, na mara nyingi hapo ndipo unaona ukutani maji yalitibiwaje miaka yote hiyo.

Mwenye uzi

Shukrani sana wakuu. Nafunga mzunguko na kulaza injini, kwa kuwa wengi huharibu hapo wakiwa wamechoka.

Rudi bandani moto ukiwa mdogo. Jaza boila karibu kioo kizima mvuke ungali upo wa kuendesha injekta, maana ikipoa maji husinyaa na kiwango hushuka. Toa moto na majivu, ukumbuke sinia la majivu pia: likijaa, vyuma vya chanja vinaungua kwa kukosa hewa ya chini. Breki, kabari, mkono katikati, koki wazi, funga dampa (kilango cha hewa ya chini) na mlango. Mwisho panda juu ufunike dohani kwa bamba, la sivyo usiku kucha itavuta hewa baridi kupitia mirija ya moto, na asubuhi utakuta zile alama nyeupe ulizokuwa ukizitafuta kwa tochi.