MREJESHO: Msaada wa kina mama na watoto wa Rufiji

Ndugu zangu, baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kuzamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, niliwauliza hapa kikundi chetu cha akina mama cha Dar es Salaam kipeleke nini, maana tulikuwa tumekusanya nguo za mitumba tu. Wengi mlishauri tuulize kwanza wenyeji, nasi tukafanya hivyo kupitia afisa ustawi wa jamii.

Nguo hazikuwa shida kubwa. Walihitaji taulo za kike, khanga, vyandarua, dawa ya kutibu maji na ndoo zenye mfuniko, kwa kuwa visima na vyoo vilikuwa vimefunikwa na maji yale yale, na kipindupindu hakisubiri. Orodha ya awali iliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, hivyo wanawake walioachwa na wajane waliohifadhiwa kwa ndugu hawakuonekana. Tuliomba iandikwe upya kwa jina la kila mama na watoto wake, na ninaona hilo lilisaidia kuliko mzigo wenyewe.

Fedha zilizobaki baada ya kununua mahitaji hayo tulinunulia mbegu za mahindi ya muda mfupi na kunde. Warufiji hulima mlau, yaani hupanda kwenye udongo wenye unyevu mara mto unapopungua, na mbegu ikichelewa unyevu huo hukauka. Zilifika kwa wakati, nashukuru sana. Sasa tunachangia madaftari na sare za wanafunzi.