Shokapu za IST zimekufa, nichukue used za gari zilizochinjwa (zilizofumuliwa kuuzwa spea) au nijikaze mpya? Naombeni ushauri

Mtoa mada
Wakuu habari za muda huu. Nina Toyota IST ya 2003, injini 1.3. Naishi Chanika na barabara ya kuingia mtaani kwetu ni makorongo matupu, sasa chini kumechoka, mbele inagonga hata kwenye kashimo kadogo, nikifika spidi 80 gari inakuwa kama inaelea na nikishika breki pua inazama. Fundi kaisukuma sukuma tu akasema nibadili kila kitu, shokapu zote nne, amu (mikono ya chuma inayoshika tairi kwa chini), boljointi (kiungo cha amu na tairi) na bushi (mipira ya kwenye amu). Bajeti yangu laki tatu na hela ya ufundi imo humo humo. Hii gari ndo inapeleka watoto shule na wife kwenye biashara yake, siwezi kuipaki. Nimeambiwa Ilala na Gerezani used zipo nyingi. Nini nichukue used na nini nisithubutu?

Babu Gereji
Mkuu kabla hujatoa hata shilingi, gari yako haijakaguliwa bado. Kusukuma tu hakutoshi. Mwambie aipige jeki tairi ikae juu, ashike tairi juu na chini atikise, ikicheza ni boljointi au beringi. Ashike kushoto na kulia, ikicheza ni tairodi endi au reki endi, yaani viungo vya usukani. Alafu achukue mtaimbo mdogo apime bushi za amu na boljointi. Kugonga kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni stabilaiza linki, kale kafimbo kanakounga shokapu na baa ya kuzuia gari kulala, kitu cha bei ndogo sana, watu wanabadilishiwa shokapu nzima na mlio unabaki pale pale. Ila hiyo ya kuelea na kuzama pua, hapo nakubaliana na fundi wako, ni shokapu.

Mzaramo wa Spea
Mie nimekulia kwenye spea. Used iliyoshuka na kontena kutoka Japani ni tofauti kabisa na iliyotolewa kwenye gari iliyochinjwa hapa, hii ya pili imeshakula matuta yetu na vumbi letu, usilipe bei moja. Ukichagua shokapu angalia kwanza ile fimbo, isiwe na kutu wala mikwaruzo wala kupinda, sababu kutu ndo inachana sili (mpira unaozuia oili) na oili inatoka. Pitisha kidole chini ya sili, ikiwa na oili achana nayo, na ikiwa imefutwa na kupigwa rangi mpya jiulize inafichwa nini. Kama haina springi, isimamishe uikandamize mpaka chini uiachie, za gesi zinapanda zenyewe taratibu. Ikibaki chini, au ukiisukuma unasikia pengo katikati, rudisha. Shida ni kwamba ikiwa komplit na springi yake huwezi kuipima kwa mkono, kwahiyo komplit chukua kwa muuzaji anayekubali uifunge na kuirudisha ikizingua.

Da Mwajuma
Kaka nenda na namba ya chesisi, usiseme IST tu. NCP60 na NCP61 ni two wheel (injini inazungusha tairi mbili), NCP65 ni four wheel (zote nne), ukibeba tofauti utarudi tena na daladala. Chukua jozi, kushoto na kulia, mguu mmoja mzima na mwingine umechoka gari itavuta. Na dai risiti, spea ya bei chee ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi inaweza kuwa ya wizi.

Mpenda Mpya
Mimi napinga used. Kwa hela hiyo unapata mpya za kampuni za kawaida, zina waranti, kwanini ununue uchakavu wa mtu?

Mzaramo wa Spea
Mkuu hizo za bei rahisi nyingi kwenye barabara ya Chanika hazikai, used orijino iliyo nzima naiamini zaidi. Lakini hapo umesema kweli upande mmoja, vitu vya mpira na boljointi lazima viwe vipya. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki, na boljointi ikichomoka tairi inalala gari ikiwa barabarani, na hapo umebeba watoto. Hiyo sio sehemu ya kubana hela.

Mtoa mada
Asanteni sana. Nimepeleka kwa fundi mwingine, kaipiga jeki mbele yangu. Linki zote mbili zimekufa, boljointi ya kushoto inacheza, shokapu za mbele zinavuja oili. Amu ni nzima ila bushi yake ya nyuma imechanika, nyuma ya gari hakuna shida. Nachukua shokapu za mbele used komplit, boljointi, linki na bushi mpya. Kuna cha kuangalia wakati wa kufunga?

Babu Gereji
Umefanya vizuri kuchukua komplit, asiifungue ile nati ya juu bila kibanio cha springi, springi ikifyatuka inaua. Mauntingi za juu (vikalio vya mpira vinavyoshika shokapu kwenye bodi) zikiwa na nyufa weka mpya kabla hajafunga. Nati za bushi za amu asizikaze mwisho gari ikiwa juu ya jeki, aishushe kwanza ikae kwa uzito wake ndo akaze, la sivyo bushi zinabaki zimejikunja na zitachanika mapema. Akimaliza tu nenda alaimenti (kunyoosha mkao wa tairi), usisubiri mwisho wa mwezi, tairi za mbele zitaliwa upande.

Mtoa mada
Sawa mzee wangu. Naomba unielekeze PM sehemu ya alaimenti ya uhakika maeneo ya Gongo la Mboto au Ukonga, kesho asubuhi naenda Ilala.